Usimwelekeze, mpeleke: jinsi ya kumfikisha kwenye msaada mtu aliyechoka kuishi, Mwanza na kandokando ya ziwa

Kama mtu wako yuko hatarini sasa hivi, soma aya hii moja kisha inuka. Usimwache peke yake, hata akienda chooni mtu asimame mlangoni. Ondoa karibu yake chochote anachoweza kujidhuru nacho. Mpeleke kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, iwe usiku au mchana; kwa mjini ni Sekou Toure au Bugando, na kwenye dharura hakuna anayesubiri barua ya rufaa. Kama tayari amemeza au amekunywa kitu, msimpe maziwa wala msimtapishe, na msidanganyike akionekana mzima. Bebeni chupa au pakiti yenyewe ili daktari aisome. Mambo ya polisi na fomu atayafuatilia ndugu mwingine wakati mgonjwa ameshafika mikononi mwa daktari.

Wengine wote tuendelee taratibu.

Ninaandika haya kwa sababu ya mpwa wangu, mvuvi wa dagaa upande wa Ukerewe. Siku moja alikuja kwangu Kirumba akiwa ameshika taa yake ya sola ya kuvulia, ile wanayowasha usiku ziwani ili dagaa waifuate. Ilikuwa mpya, hata nailoni ya kioo hakuwa ameibandua. "Shikamoo mjomba. Hii taa ibaki kwako, mimi sitaihitaji." Nikaitikia marahaba, nikamshukuru, nikaiweka juu ya kabati. Siku tatu baadaye mke wake akanipigia simu. Mungu saidia, alipona. Lakini ile taa nimeitazama mara nyingi nikijiuliza nilikuwa wapi siku ile, maana alinieleza kila kitu na mimi nikasema ahsante.

Hatua ya kwanza: sikia anachosema

Kwetu ni wachache wanaosema "nataka kujiua". Utasikia: nimechoka. Bora nisingezaliwa. Nawaachia dunia yenu. Mtanikumbuka. Watoto wangu utawaangalia, eti? Mwingine hasemi neno ila anagawa vitu, analipa madeni madogo madogo, anawapigia ndugu ambao hajaongea nao mwaka mzima, anaaga bila safari. Pombe inaongezeka. Usingizi unapotea, au analala mchana kutwa na shughuli inamshinda. Na kuna dalili moja inayowapoteza wengi: mtu aliyekuwa na majonzi kwa wiki nyingi ghafla anatulia, anakuwa na amani. Ndugu wanashangilia kwamba amepoa, kumbe pengine ameshafanya uamuzi. Utulivu wa ghafla uulizie.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Tembea mwalo wowote alfajiri mitumbwi inapotia nanga, utazame umri wa wanaoshusha makasha. Ndio hao.

Hatua ya pili: muulize, kwa neno lenyewe

Watu wanaogopa kwamba ukilitaja utakuwa umempa wazo. Hapana. Wazo analo tayari. Anachokosa ni mtu wa kulitua mbele yake. Mzee ukimuuliza kwa heshima, kijana ukimuuliza bila ukali, wengi wanajibu, na wengine wanalia kwa kushusha pumzi.

Miezi mitatu baada ya kutoka hospitali mpwa wangu alianza tena kunyamaza. Safari hii sikungoja taa nyingine. Nilimketisha kwenye benchi nyuma ya nyumba, mahali ambapo watoto hawasikii. Nikamwambia, "Mpwa, nataka kukuuliza jambo, na jibu lolote utakalonipa sitakasirika. Mawazo ya kujiua yamerudi?" Alitazama kandambili zake kwa muda mrefu. Akasema, "Tangu wiki iliyopita, mjomba." Ndipo nikamuuliza mengine: umeshapanga? Umepanga lini? Hicho unachokifikiria unacho karibu? Maswali haya matatu ndiyo yanayokuonyesha kama mnakwenda hospitali kesho asubuhi au mnakwenda sasa. Mwenye mpango, na siku, na kitu mkononi, anakwenda sasa.

Ukishauliza, nyamaza usikilize. Usimwambie ajikaze, au kwamba mwanaume halii. Usimuulize watoto amwachie nani. Hilo ameliwaza kuliko wewe, na ndilo linalomuumiza. Usianze na dhambi. Mimi ni mtu wa kanisa na ninaamini sala, ila niliona kwa macho yangu jinsi neno "dhambi" lilivyomfunga mdomo mpwa wangu mbele ya mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kwa nia njema kabisa. Wala usimwahidi kutunza siri. Sema: "Nitachagua watu wachache wa kutusaidia, na nitakuambia ni akina nani."

Hatua ya tatu: weka mbali vitu vya hatari

Huku kwetu pamba inalimwa Magu, Kwimba na Misungwi, na dawa ya kunyunyizia huwekwa uvunguni mwa kitanda kama chumvi. Itoeni ndani ya nyumba. Ipelekeni kwa jirani mwenye stoo inayofungwa, au muulizeni kiongozi wa AMCOS, chama chenu cha ushirika cha wakulima, kama inaweza kukaa huko hadi siku ya kunyunyiza. Dawa za hospitali ashike mtu mmoja, atoe dozi ya siku moja kwa wakati mmoja.

Wapo wanaosema mtu akitaka kufa atatafuta njia nyingine. Si kweli kwa wengi. Ile hali ya kutaka kufa hupanda na kushuka, na mara nyingi kilele chake ni cha dakika au saa chache. Kikipita bila kitu cha hatari karibu, mtu anabaki hai. Sri Lanka walipiga marufuku viuatilifu vikali zaidi kimoja baada ya kingine kuanzia miaka ya 1980 na 1990, na kiwango cha watu kujiua nchini humo kilishuka kwa takriban asilimia 70 katika miaka iliyofuata. Kufuli la shilingi elfu chache kwenye stoo ya jirani ni tiba.

Hatua ya nne: chagua watu watatu

Wasizidi hapo. Mtu mmoja wa kulala naye nyumba moja, mmoja wa kusafiri naye hospitali, mmoja wa kushughulika na pesa na maneno ya mtaani. Mhudumu wa afya wa jamii katika mtaa au kijiji chenu anafaa kuwa mmoja wao kama anajua kutunza siri, maana anawafahamu wauguzi wa zahanati kwa majina. Mwenyekiti wa mtaa mweleze pale tu mnapohitaji barua yake.

Kuhusu mganga wa kienyeji: familia nyingi zitataka kupita huko kwanza, hasa kama kuna mzee anayeamini kijana amerogwa. Sikushauri ugombane na mzee huyo. Kila saa mnayogombana ni saa ambayo mgonjwa anasikia kelele. Mwamkie vizuri, "Mwangaluka," kisha mwombe hivi: twende hospitali leo, na mambo ya ukoo tutakaa tuyazungumze baadaye. Kitu kimoja tu usikikubali, mgonjwa kufungwa kamba au kuachishwa dawa.

Hatua ya tano: mpeleke

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanamwambia mgonjwa, "Nenda Bugando, kuna daktari wa mambo hayo," wanampa nauli, wanaona wamesaidia. Mtu ambaye asubuhi hana nguvu ya kufunga vifungo vya shati hawezi kupanda daladala, kupanga foleni ya kadi na kujieleza dirishani kwa mtu asiyemjua. Atashukia njiani. Nauli yake utakuwa umeitupa, na yeye atakuwa amejifunza kwamba msaada haupo. Nenda naye.

Pa kwenda panategemea hali. Kama hakuna hatari ya leo, anzeni zahanati au kituo cha afya, muulize daktari au muuguzi kama wanaweza kumsikiliza na kuwaandikia rufaa. Kutoka hapo ni hospitali ya wilaya, kisha Sekou Toure ambayo ni ya mkoa, kisha Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, yenye idara ya afya ya akili na madaktari bingwa. Watu wengi wakisikia habari ya akili bado wanawaza hospitali ya Mirembe, Dodoma. Huhitaji kuvuka mikoa. Walio Sengerema wana hospitali kubwa palepale, na wakihitaji kuja mjini, tangu Juni 2025 Daraja la JP Magufuli la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, hamngoji tena kivuko usiku na mgonjwa. Walio Ukerewe waanzie hospitali ya wilaya, Nansio. Walio kwenye visiwa vidogo wana kazi ngumu zaidi, na kwao ninasema hivi: msingoje mtumbwi wa asubuhi kumpigia mtu simu. Pigeni usiku huohuo, muulize chombo cha kwanza kinaondoka saa ngapi, na mtu alale mlangoni.

Kuna milango mingine ambayo watu hawaikumbuki. Mwenye VVU tayari ana mshauri nasaha kwenye kliniki yake ya CTC. Aanzie kwa huyo, anamjua. Mama aliyejifungua karibuni na analia bila sababu, hamtaki mtoto, halali hata mtoto akilala, amwambie muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto siku ya kupima uzito. Hiyo ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kujifungua, inatibika, na haina uhusiano na mama mbaya au mama mzuri. Mwanafunzi wa chuo aulizie ofisi ya mshauri wa wanafunzi.

Begani beba: kitambulisho au namba ya NIDA, kadi ya bima kama ipo, barua ya rufaa, dawa zote anazotumia hata za kienyeji, maji, chakula, chaji ya simu. Fikeni mapema, saa moja na nusu isiwakute barabarani. Siku moja kabla, pita au piga simu kuuliza kliniki ya afya ya akili ni siku gani, kwa sababu haiwi kila siku kila mahali.

Sasa jambo la karatasi. Mara ya kwanza nilipompeleka mpwa wangu, kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, nilijieleza kwa sauti ya chini dirishani. Karani akaniuliza kwa sauti ya juu, "Huyu ndiye wa akili?" Benchi zima likageuka. Mpwa aliinuka akaenda moja kwa moja hadi getini, na nilimkuta amesimama kwa muuza karanga, ameshika pakiti ambayo hajaifungua, mkono unamtetemeka. Mara ya pili, kwingine, niliandika nyuma ya risiti ya kikoba: "Kijana huyu alijaribu kujiua miezi mitatu iliyopita na mawazo yamerudi. Tunaomba aonwe faragha." Sikusema kitu, nilisukuma karatasi chini ya kioo. Muuguzi alisoma, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni mwa koti lake, akatufungulia mlango wa pembeni. Andika karatasi. Iandike nyumbani mkono ukiwa umetulia.

Pesa zisiwazuie kuondoka nyumbani. Hospitali za umma zina utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo. Ulizia afisa ustawi wa jamii palepale hospitalini, na barua ya serikali ya mtaa itawarahisishia.

Neno juu ya sheria, kwa sababu linawatisha watu. Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na ndiyo maana ndugu wengi wanamdanganya daktari kwamba mgonjwa "alikosea dawa" au "aliteleza". Daktari aliyedanganywa atatibu tumbo na kumrudisha mtu nyumbani kwenye hatari ileile. Mwambie ukweli daktari. Natamani siku moja sheria hii iondolewe, kwa sababu mtu anayezama haadhibiwi kwa kunywa maji.

Hatua ya sita: ndani kwa daktari

Atauliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, pombe, bangi, sauti anazosikia, ukoo, maradhi mengine. Atamwomba aliyemsindikiza atoke kwa muda, toka. Anaweza kumlaza, au kumpa dawa, au kumpangia mazungumzo na mshauri, au vyote. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama panadol. Huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha nafuu, na wiki za mwanzo, hasa kwa vijana, ni za kuangalia kwa macho mawili, kwa sababu nguvu inaweza kurudi kabla ya matumaini. Akipata nafuu asiache. Mara nyingi huendelea miezi sita au zaidi, na kuacha ni kwa kupunguza taratibu kwa mpango wa daktari. Dawa ikimletea shida, rudini ibadilishwe. Zipo nyingine.

Hatua ya saba: mzigo wenyewe

Dawa inatibu sonona, hailipi deni. Mpwa wangu alikuwa amepoteza nyavu, anadaiwa na tajiri mwenye mtumbwi, na akachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, ili kumlipa tajiri. Wakopeshaji walikuwa wanamwita kwa sauti mbele ya watoto wake. Tulikaa ndugu wanne tukaandika madeni yote kwenye daftari moja, jina na kiasi, tukaenda kwa kila anayedai kuomba muda. Wawili walikubali siku hiyohiyo. Nilishangaa jinsi uso wake ulivyobadilika kwa kuona tu kwamba jumla ina mwisho, kwani kichwani mwake ilikuwa haina.

Kama mzigo ni kipigo au ukatili nyumbani, kuna dawati la jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Simu

116 ni ya bure, kwa mtoto au kwa yeyote mwenye wasiwasi juu ya mtoto. 199 ni kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bure pia, waulize huduma ilipo karibu na ulipo. 112 ni ya dharura ya polisi. Ziandike kwenye karatasi ukutani, kwa sababu usiku wa shida simu ndiyo huwa haina chaji.

Hatua ya nane: siku baada ya kurudi nyumbani

Watu wakiona ameruhusiwa hospitali wanapumua na kutawanyika. Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ni za hatari kuliko nyingi. Ndizo za kumtembelea, hata kwa robo saa, hata bila la kusema. Mtafutie kazi nyepesi ya mkono. Mpwa wangu alinioshea vyombo vya samaki mwezi mzima, hakuongea sana, ila alikuja kila siku.

Na kwa wavuvi, mambo ya kliniki yanavunjika kwa sababu ya ratiba. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa mitumbwi hupumzika. Tarehe ya kliniki ikiangukia giza, kijana yuko ziwani, dawa imekwisha, na anaona aibu kurudi akiwa amechelewa. Mweleze daktari hivyo waziwazi, mwombe tarehe iangukie mbalamwezi. Sisi tulimwomba, akafungua kalenda ya simu yake, akatafuta mwezi mpevu, akatuandikia. Tangu siku hiyo hajakosa. Kambini awepo mwenzake mmoja anayejua, nahodha kama ni mtu mwema, wa kumshikia dawa na kumtazama usoni kila jioni kabla ya kushusha mtumbwi.

Wewe unayemsindikiza nawe utachoka. Pokezaneni. Mimi nilianza kuota taa.

Kama umechelewa

Wapo watakaosoma haya wakiwa tayari wamezika. Msiba wa namna hii watu huuendea kwa kunong'ona, na wakati mwingine familia hunyimwa hata ibada ya kawaida. Ukienda, usiulize alifanyaje wala usisimulie ulichosikia. Usimtafute wa kulaumiwa, hasa mjane. Watoto waambiwe ukweli kwa maneno ya umri wao, na waambiwe kwamba si kosa lao, zaidi ya mara moja. Waliobaki nao wako hatarini, kwa hiyo maswali ya hatua ya pili ni yao pia. Siku matanga yakiondolewa na turubai likashushwa, ndipo nyumba inapokuwa tupu. Rudi wiki ya tatu na unga kidogo na dagaa, ukae, na umtaje marehemu kwa jina lake.